Sinia la Bi Makaa

Hapo zamani, si zamani ile ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu ambayo masufuria yake mengine bado mnapikia, palikuwa na mwanamke mjini Tanga akiitwa Saumu. Saumu alikuwa na mume, na mwana, na mkamwana, na wifi, na jiko la uani, na sifa. Katika vyote hivyo, alichokitunza zaidi ni sifa. Mtaa mzima ulisema pilau ya Bi Saumu haina mfano, na mtu wa kwanza kulisema hilo alikuwa Bi Saumu mwenyewe.

Mumewe, Mzee Shekue, alikuwa mtu wa maneno machache na matonge makubwa. Mwanawe alifanya kazi Korogwe na kurudi mwisho wa mwezi. Mkamwana, Husna, alikuwa na mwaka wa pili katika nyumba ile, na katika miaka yote miwili hakuwahi kukabidhiwa kitu jikoni zaidi ya vitunguu vya kumenya na vyombo vya kuosha. Wifi, Bi Tatu, dada yake Mzee Shekue, alikaa nyumba ya pili na kila siku alipita uani kusalimia. Salamu zake zilianzia kwenye mifuniko. Alifunua hiki, akafunua kile, akatia chumvi, akachochea moto, ndipo akasema, "Hamjambo humu?"

Basi Jumatano moja Bi Tatu akaingia, na siku hiyo hakufunua kitu. Saumu alikuwa anachagua mchele.

"Wifi, umesikia? Mwantumu yuko mjini."

Mkono wa Saumu ukasimama juu ya ungo. "Mwantumu yupi?" akauliza, ingawa alimjua Mwantumu kuliko alivyowajua ndugu zake wa tumbo moja.

"Mwantumu wako, aliyeolewa Kigoma. Kaja kwenye arusi ya mpwa wake. Anasema Ijumaa, watu wakitoka msikitini, atakuja kula kwako. Umpikie pilau."

"Pilau?"

"Pilau."

"Kasema pilau mwenyewe, au umeongeza wewe?"

"Mimi naongeza chumvi, wifi. Maneno siongezi," alisema Bi Tatu, na alikuwa mwongo, maana aliongeza vyote viwili. Lakini siku hiyo alisema kweli.

Mnataka kujua kwa nini Saumu alishikwa na kijasho kwa neno pilau, mtu mwenye sifa ya pilau. Nitawaambia, maana yeye hakumwambia mtu kwa miaka thelathini.

Saumu na Mwantumu walikua pamoja. Walisuka ukili pamoja, walisukana nywele, walikula sinia moja, la shaba, la bibi yake Mwantumu aliyeitwa Bibi Zaina. Wakigombana waligombania ukoko tu, na ukoko ukiisha na ugomvi umekwisha. Siku ya arusi ya Mwantumu, wapishi walipokwenda kuoga walimwachia Saumu sufuria kubwa la pilau. Lilikuwa limekwisha kupaliwa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na kazi yake ilikuwa kukaa hapo na kuyaondoa yakitosha. Lakini ndani kulikuwa na bi arusi anavishwa, na bi arusi mwenyewe ni shoga yake. Saumu akaenda dirishani kuchungulia mara moja tu. Mara moja ikawa ndefu. Aliporudi, pilau ilikuwa imeungua, na uani kumejaa watu wanauliza, nani aliachiwa sufuria?

Saumu akasema, "Si mimi. Bibi Zaina ndiye aliyezidisha makaa."

Bibi Zaina alikuwa amerudi kutoka kuoga, ameketi pale pale kwenye kibao chake. Akamtazama Saumu. Akawatazama wageni, na kati ya wageni hao alikuwapo mama yake Shekue, aliyekuja kula arusi na kuangalia msichana wa kumposea mwanawe. Bibi Zaina akasema, "Haya. Ni mimi."

Basi watu wa bwana arusi wakala pilau ya moshi na kunywa maji mengi. Mwantumu akapelekwa Kigoma. Saumu akaposwa mwezi ule ule. Na Bibi Zaina, aliyekuwa amepika arusi za mji mzima tangu ujana wake, akapewa jina la Bi Makaa, hakualikwa tena kwenye jiko la mtu, na jina lile alikufa nalo. Saumu alikwenda mazikoni na alilia kuliko wafiwa. Barua kwa Mwantumu alianza kuandika mara nyingi, na kila alipofika kwenye neno pilau aliichana.

Sasa Mwantumu anakuja, na anataka pilau. Saumu hakutaka kitu duniani ila shoga yake arudi kukaa naye mkekani kama zamani. Alitaka hivyo kwa moyo wote. Ila alitaka arudi bila lile neno kutajwa.

Siku ya Ijumaa aliamka na jua. Alichagua nyama mwenyewe, akatwanga viungo mwenyewe, akakaanga vitunguu mwenyewe mpaka vikawa rangi aitakayo. Husna aliomba angalau aoshe mchele. "Mchele wa pilau hauoshwi ovyo ovyo, mwanangu," Saumu alimwambia, na Husna akarudi kwenye vitunguu saumu.

Wali ulipokaribia kukauka, Saumu akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko kwa hesabu, akasimama na mikono kiunoni.

"Asifunue mtu," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema Husna.

"Nakwenda kuoga. Asifunue mtu, asiguse mtu, hata paka asipite karibu."

Akaenda akaoga. Akavaa. Kisha akafanya kosa ambalo wanawake wa mji ule tu ndio wangelifanya: akawasha chetezo, akatia udi, udi wa akiba aliokuwa ameuweka kwa ajili ya aqiqa ya mjukuu asiyezaliwa bado. Akajifukiza nguo, akafukiza chumba, akafukiza ukumbi, akafukiza mpaka mito. Nyumba nzima ikawa moshi mtamu.

Huku nyuma Bi Tatu akaja kusalimia. Akalitazama sufuria. Hakufunua, maana amri aliisikia akiwa uani kwake. Lakini amri ilisema asifunue mtu, haikusema neno juu ya makaa. "Moto gani huu," alisema peke yake. "Wifi anambania mgeni." Akachota makaa kwa kibati, akayamwaga juu ya mfuniko, kibati kimoja, kibati cha pili. Akampa Husna hamjambo yake, akaondoka kwenda kubadili kanga.

Haikupita muda Husna akasikia harufu. Akaenda kugonga mlango.

"Mama, nasikia harufu."

"Ni udi huo, mwanangu," Saumu alijibu kutoka ndani ya moshi. "Kwenu hamjawahi kuchoma udi wa maana?"

Husna akasimama pale mlangoni kidogo. Kisha akarudi uani, akaketi, akakunja mikono.

Mwantumu akaja baada ya sala, amebeba kifurushi kikubwa cha duara kilichofungwa kwa kanga. Amenenepa, meno mawili hana, na sauti ni ile ile. Saumu alipomwona alisahau yote aliyopanga kusema. Walikumbatiana ukumbini, wakalia, wakacheka kwa kulia, Saumu akamwambia amezeeka, Mwantumu akamwambia naye asijitie msichana. Kwa muda huo mfupi Saumu alikuwa na raha kweli kweli.

Kisha mkeka ukatandikwa. Mtu mwingine angepakua jikoni, lakini Saumu alikuwa na desturi yake. Sufuria la pilau lililetwa na mfuniko wake mpaka mbele ya mgeni, lifunuliwe hapo, ili mgeni apigwe na harufu akiwa ameketi. Bi Tatu, aliyekuwa amerudi na kanga nyingine, akalileta pamoja na Husna. Mzee Shekue akajongea. Saumu akafunua.

Mgeni akapigwa na harufu.

Mzee Shekue alikohoa. Hata udi ulishindwa.

"Nani aliachiwa sufuria?" Mwantumu aliuliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia.

"Si mimi," Saumu alisema, na neno lilitoka kabla hajalifikiria. "Mimi nilikuwa naoga. Alikuwapo huyu mkamwana wangu."

"Mimi ndiyo kwanza naingia," alisema Bi Tatu. "Hata kanga sijaifunga vizuri."

Wakamtazama Husna. Husna akainamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Nisameheni."

Saumu akashusha pumzi, mara akakumbuka. Maneno yale aliwahi kuyasikia, sauti tu ndiyo haikuwa ile.

Mwantumu akajisogeza karibu na sufuria. Alinawa, akatoa tonge, akala. Akala la pili. Akala la tatu, machozi yakaanza kumtoka, na yeye bado anakula.

"Acha, shoga, utaumwa," Saumu alimsihi. "Nitakupikia tambi."

"Pilau nzuri nimekula nyingi," Mwantumu alisema. "Kigoma nimepikiwa, Tabora nimepikiwa. Zote nzuri, zote nimezisahau. Hii sijaila tangu siku niliyoondoka kwetu. Ni hii hii, na moshi wake. Ukoko uko wapi?"

Ukoko haukuonekana. Bi Tatu alichimba mpaka chini ya sufuria, akakuta umekwisha kukwanguliwa. Wote wakageuka kumtazama Mzee Shekue, ambaye sahani yake ilikuwa nyuma ya mgongo, na mashavu yake yamejaa, hayakuweza kujibu. Mwantumu akanyoosha mkono, akachukua nusu ya ukoko bila kuomba, akautafuna mpaka mwisho.

Kisha akafungua kile kifurushi. Lilikuwa sinia la shaba la Bibi Zaina, limesuguliwa linang'aa. Saumu alilijua kwa kibonyeo chake ukingoni, maana alilibonyeza mwenyewe akiwa na miaka saba.

"Hili nimekuja nalo," Mwantumu alisema. "Nampa mwenye sufuria hili. Na atakayelipata, Ijumaa ijayo nitakula naye sinia moja, sisi wawili, kabla sijarudi kwangu. Sasa semeni tena. Sufuria la nani?"

Hapo, jamaa zangu, lile sufuria lililokuwa yatima likapata wazazi.

"La nani tena, shoga?" alisema Saumu. "Nyama nimechagua mimi, viungo nimetwanga mimi, makaa nimepanga mimi."

"Makaa yapi?" alisema Bi Tatu. "Yale yako yangeivisha yai? Mimi ndiye niliyeongeza vibati viwili. Moshi huo anaoulilia mgeni ni wangu, wote."

"Si ulikuwa ndiyo kwanza unaingia?"

"Niliingia mara mbili."

"Mkaa nimeleta mimi," alisema Mzee Shekue, alipokwisha kumeza.

Mwantumu akamgeukia Husna. "Na wewe, mwanangu? Wewe uliyesema ni wewe?"

"Nilidanganya, mama," Husna alisema. "Sufuria sikuligusa. Mimi humu sikabidhiwi chochote wala sigusi chochote." Watu wakadhani amemaliza. "Lakini nilisikia harufu. Nilikwenda kumwambia mama, akaniambia kwetu hatujui udi. Nikarudi. Ningeweza kuyaondoa yale makaa, kazi ya dakika moja. Nikakaa. Nikasema moyoni, acha iungue, leo ajue."

Saumu alikodoa macho. Kwa miaka miwili alimwona msichana yule kuwa bubu.

Mwantumu akaliweka sinia magotini. "Basi nisikilizeni na mimi, maana sikuja kwa ajili ya pilau tu. Mwenye sinia hili alikuwa bibi yangu. Alipokuwa mgonjwa nilikuja kumuuguza siku chache tu, sikumtembelea mtu. Nikamwambia, bibi, jina hili la Bi Makaa nakuvua leo, nakwenda kusimama sokoni niseme. Akasema, usiseme wewe. Chukua sinia langu, kaa nalo, umpe mtu atakayesema mwenyewe kwamba sufuria ni lake. Nimekaa nalo miaka ishirini na moja."

"Useme nini?" Saumu aliuliza. "Ulikuwa unajua nini?"

"Saumu, nilikuwa nimeketi nakutazama. Nilikuona dirishani. Ulikaa pale mpaka nikavishwa bangili zote. Nilifurahi ulivyokaa. Nikasema moyoni, kesho atasema. Halafu nikasema, ataandika."

Saumu akatazama mkeka. Akatazama sinia, na kile kibonyeo. Aliona aibu, aibu ya kumchoma masikio, na mkamwana wake ameketi pale pale.

"Ni mimi," alisema. "Bibi yako hakugusa makaa. Niliondoka uani nikakimbilia dirishani, nikaliacha sufuria, lawama nikamtupia yeye. Mama yake huyu," akamwonyesha mumewe kwa kidevu, "asingeniposa kama angejua. Nimekula miaka thelathini kwenye jina la bibi yako. Na leo nilikuwa nakwenda kumfanya hivyo hivyo mtoto wa watu."

Mzee Shekue aliacha kutafuna. Ilikuwa mara ya kwanza mke wake kumwona ameacha chakula kwa hiari yake.

Mngetarajia watu walie hapo, wakumbatiane, tufunge hadithi twende tukalale. Lakini nyumba ile ilikuwa na Bi Tatu.

"Kasema," alisema Bi Tatu. "Kasema sinia likiwa mbele yake. Jana angesema? Juzi je? Miaka thelathini kinywa hakina kazi, leo shaba imeng'aa ndipo kimefunguka. Mimi sinia hili ni langu na sababu naitoa waziwazi. Aliyeunguza pilau hii kwa mkono wake ni mimi. Na katika sisi watatu, asiyekuwa na baya moyoni ni mimi. Niliongeza makaa nikitaka mgeni ale chakula kilichoiva. Bila vibati vyangu viwili, mngekula pilau nzuri, mngesifiana, mngeagana, na Bibi Zaina angebaki Bi Makaa mpaka kiyama."

"Ulikana," Saumu alimwambia.

"Nilikana dakika kumi. Wewe ulikana miaka thelathini."

"Na aliyesema ni mimi wakati wa aibu ni nani?" aliuliza Husna, na wote wakashangaa kwamba bado ana sauti. "Bibi aliyeacha sinia alitaka mtu wa kusema sufuria ni lake. Mimi nilisema hata kabla sinia halijafunguliwa. Nilisema likiwa bado linanuka. Na lilipokuwa tamu, nikasema si langu."

"Ulisema uongo," alisema Bi Tatu.

"Bibi Zaina naye alisema uongo. Tena ni huo huo."

"Bibi Zaina aliubeba mzigo wa mwenzake," Saumu alisema polepole. "Wewe ulibeba wako, Husna. Ulikaa ukaitazama inaungua, ukataka nidhalilike. Sikulaumu. Lakini Bibi Zaina hakunitakia hivyo."

Husna akavuta mtandio wake.

"Na mimi sina cha kujisifu," Saumu aliendelea, akimtazama Mwantumu peke yake. "Wao wanasema juu ya sufuria la leo. La leo hata nikilikosa si kitu. Lakini lile bibi yako alilolibeba lilikuwa langu, na nimelisema mbele ya mume na mbele ya mkamwana, na kesho mtaa mzima utajua, maana wifi yangu yupo hapa."

"Nitapita asubuhi," alisema Bi Tatu.

"Niambie, Saumu," Mwantumu alisema. "Ningekuja mikono mitupu, bila sinia, ungesema?"

Saumu alifungua kinywa. Alitaka kusema ndiyo, na ndiyo ilikuwa tayari ulimini. Akakifunga. Alijitafuta ndani, kwa dhati, kama mtu anavyotafuta sindano kwenye mkeka, na hakuona ndiyo wala hapana. Hakujua kama alisema kwa ajili ya Bibi Zaina, au kwa ajili ya Mwantumu, au kwa ajili ya shaba.

"Sijui, shoga," alisema.

Mwantumu akatikisa kichwa kidogo. Akainuka, akafunga kanga yake. Sinia akaliweka katikati ya mkeka, kati ya wale wanawake watatu, mbali sawasawa na kila goti.

"Nitarudi Ijumaa," alisema. "Nitakayemkuta nalo, ndiye nitakayekula naye. Afadhali mwamue wenyewe."

Wakakaa wanalitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono ila Mzee Shekue, na yeye alinyoosha kuelekea kwenye sufuria.

Mimi nimewafikisha hapo mkekani, na Ijumaa haiko mbali. Yuko Saumu, aliyesema kweli kubwa kuliko zote, akaisema akiwa amechelewa na jicho liko kwenye sinia. Yuko Bi Tatu, mwenye mkono uliounguza na moyo usio na baya, aliyelikana sufuria linanuka na kulidai lilipopendwa. Yuko Husna, aliyelikubali linanuka na kulikana lilipopendwa, na ambaye kwa kukunja mikono tu aliliunguza kuliko wote. Nyinyi mnaocheka huko nyuma msijibu haraka. Kwanza kila mmoja akumbuke pilau ya mwisho kuungua nyumbani kwake, na ni jina la nani lililomtoka mdomoni. Akishakumbuka, ndipo aniambie: sinia la Bibi Zaina, je, nani alilistahili?